Umeazimwa baiskeli ya mbio? Iandae hivi upate raha yake

Wakuu, tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza barani Afrika, hamu ya kuonja baiskeli ya mbio imepanda. Bei yake inatushinda wengi, kwa hiyo tunaazima. Raha ipo, tena kubwa, ila baiskeli hiyo imewekwa kwa vipimo vya mwili wa mwenyewe. Tenga nusu saa kwanza.

Hatua ya 1: Kiti. Kabla hujalegeza chochote, zungushia solotepu kwenye bomba la kiti pale linapoingia kwenye fremu. Ndiyo alama ya mwenyewe, na siku ya kurudisha kiti kirudi hapohapo. Kisha egemea ukuta, panda, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Ukikanyagia sehemu ya mbele ya wayo, goti litapinda kidogo, na hapo pametosha. Usivuke mstari wa kikomo uliochorwa kwenye bomba.

Hatua ya 2: Upepo. Vali nyingi za baiskeli hizi ni nyembamba; legeza kinati cha juu kabla ya kujaza. Pampu ya fundi wa mtaani mara nyingi haiingii, basi azima na pampu ya mwenye baiskeli. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi la upana wa milimita 25, psi (kipimo cha upepo) 80 hadi 90 zinamtosha.

Hatua ya 3: Breki. Baiskeli zilizotoka Uingereza kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia. Za Ulaya bara iko kushoto. Jua ipi ni ipi ukiwa unaikokota, kabla hujapanda.

Hatua ya 4: Gia. Kwa gia za kampuni ya Shimano, mkono wa kulia: sukuma wenzo wa breki kwa ndani, gia inakuwa nyepesi, kile kijiti kidogo cha nyuma yake kinaifanya nzito. Badilisha kabla mlima haujakukaza.

Hatua ya 5: Barabara. Kwa walio Arusha, napendekeza barabara ya Namanga, Jumapili alfajiri. Mpaka Ngaramtoni vumilia bodaboda na matuta. Mbele yake mji unaisha, Mlima Meru uko kulia, lami inapanda taratibu kuelekea Oldonyo Sambu. Hapo ndipo utaelewa. Ukikanyaga, baiskeli inaitika papo hapo, hakuna nguvu inayopotea. Kilima ambacho kwa baiskeli ya mizigo ungeshuka ukasukuma, hiki unakipanda umekaa, unapumua, unatazama shamba za watu. Wakati wa kurudi unateremka: shika sehemu ya chini ya usukani uliojikunja, legeza viwiko, vidole viwe kwenye breki. Kwenye tuta punguza mwendo, inua makalio, acha baiskeli ipite chini yako. Mimi sijui asubuhi nzuri kuliko hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, pedeli zake ni zile za kunasa kiatu maalumu, na mimi nina raba tu.
Jibu: Raba zitateleza. Omba ruhusa ufunge pedeli za kawaida. Nyingi hufunguka kwa spana ya milimita 15, nyingine huhitaji ufunguo wa pembe sita (allen key). Angalia, ya kushoto inafungwa kinyume: inafunguka ukizungusha kama mshale wa saa.

Swali: Kaka, mikono inakufa ganzi baada ya muda.
Jibu: Dada, usikaze viwiko, na badilisha mshiko mara kwa mara: juu, kwenye breki, chini. Ikiendelea, fremu huenda ni ndefu kwako. Azima nyingine.

Swali: Nikipata pancha njiani, gharama ya nani?
Jibu: Yako, mkuu. Beba tyubu ya akiba, na ukiitumia, nunua mpya uirudishe pamoja na baiskeli, cheni ikiwa imefutwa vumbi.