Jinsi ya kuyasoma majengo ya Beelitz-Heilstätten

Beelitz-Heilstätten ni eneo la hospitali ya zamani karibu na Berlin, Ujerumani, ambalo majengo yake mengi yameachwa. Kutoka Berlin, panda treni ya RE7, ushuke kituo cha Beelitz-Heilstätten. Kabla ya kukazia macho ukuta wowote, jua uko pande gani. Reli inagawa eneo kaskazini na kusini. Barabara inaligawa mashariki na magharibi. Kaskazini walilazwa wenye kifua kikuu, kusini wenye maradhi yasiyoambukiza. Magharibi wanawake, mashariki wanaume. Ukiruka hatua hii, utazunguka kutwa nzima na majengo yote yatafanana.

Anza na enzi ya kwanza. Shirika la bima la Berlin lilifungua hospitali hii mwaka 1902 kwa ajili ya wafanyakazi. Dawa ya kifua kikuu haikuwapo; mgonjwa alitibiwa kwa hewa safi, jua, chakula cha kutosha na mapumziko. Kwa hiyo tafuta baraza za kujilaza: ndefu, zenye uwazi mkubwa, zikielekea kusini kwenye jua.

Vita viwili vya dunia ni vigumu kuviona kwenye majengo, maana jeshi la Ujerumani lilitumia wodi zilezile. Mwaka 1916 Adolf Hitler, wakati huo askari wa cheo cha chini, alitibiwa hapa jeraha la paja, na wageni wengi huishia hapo. Kuna cha maana zaidi kwenye jengo la Alpenhaus, kaskazini-magharibi. Paa lake liliharibiwa mwaka 1945, halikujengwa tena. Majani yalioza juu yake yakawa udongo, mbegu zikaota, na leo miti mikubwa imesimama juu ya jengo. Usijaribu kupanda, itazame kutoka kwenye njia ya wageni iliyoinuliwa juu ya vilele vya miti, iliyofunguliwa mwaka 2015.

Kosa la kawaida liko kwenye rangi. Jeshi la Kisovieti lilikaa hapa na hospitali yake tangu 1945 hadi 1994, muda mrefu kuliko shirika la bima lililoijenga, kwa hiyo rangi ya juu mara nyingi ni yao. Chunguza pale inapobanduka: tabaka la chini ndilo la zamani. Maandishi ya Kirusi ukutani yanakuhakikishia enzi.

Uharibifu uliofuata baada ya jeshi hilo kuondoka, anza kuufuatilia juu. Mfereji wa paa ukiibwa au kuziba, maji hushuka ukutani, plasta huvimba na kudondoka, kisha mbao za sakafu huoza kutokea chini huku uso wake ukionekana mzima. Ndiyo sababu usiingie bila kiongozi wa ziara, hata mlango ukiwa wazi. Majengo mengine yamekarabatiwa na yana wakazi. Hayo yatazame kwa nje tu.