Somo: Kutambua mfumo wa vidole wa rekoda kabla ya kuanza kufundisha

Rekoda, yaani filimbi za plastiki zinazotumika mashuleni, huja kwa mifumo miwili, wa Kibaroki na wa Kijerumani, na mwalimu anayezichanganya bila kujua atayalaumu bure masikio ya wanafunzi wake.

Hatua ya kwanza. Hesabu matundu ya mbele kuanzia upande wa mdomo, kisha linganisha la nne na la tano. La tano likiwa dogo kuliko la nne, rekoda ni ya Kijerumani. La nne likiwa dogo, ni ya Kibaroki.

Hatua ya pili. Matundu yote yakizibwa tunapata do. Sasa tafuta fa. Katika Kijerumani unaziba la gumba na manne ya mbele, basi. Katika Kibaroki unaongeza la sita na la saba huku la tano likibaki wazi, kazi inayowatesa watoto wenye vidole vifupi. Urahisi huo ndio alioutafuta Mjerumani Peter Harlan katika miaka ya 1920, lakini gharama yake hujitokeza kwenye fi (fa iliyopandishwa nusu sauti), ambayo katika mfumo wake ni ngumu kuiweka sawa. Kwa kikundi kitakachopiga nyimbo za funguo mbalimbali, ningechagua Kibaroki bila kusita.

Hatua ya tatu. Asubuhi za Juni na Julai hapa Mbeya baridi hushusha sauti ya ala, kwa hiyo pasha kichwa cha rekoda kwapani kabla ya kuihukumu.

Maswali ya wanachama

Swali (Makambako): Mwalimu, shikamoo. Tunazo za aina zote mbili. Zaweza kutumika darasa moja?

Jibu: Marahaba. Zaweza. Katika ngazi ya chini do, re, mi, so, la na ti zina vidole vilevile. Watenganishe wanafunzi mnapofika fa.

Swali (Iringa): Nikihamia klarineti, vidole vya rekoda vitanifaa?

Jibu: Kwa sehemu tu, ndugu yangu. Katika saksafoni, kitufe cha oktava hupandisha do ikawa do ya juu, hivyo vidole hubaki karibu vilevile. Klarineti hairuki oktava: ukibonyeza kitufe cha gumba, so ya chini huwa re iliyo juu ya oktava inayofuata, nawe hulazimika kujifunza majina mawili kwa kila mpangilio wa vidole. Anza na ngazi ya chini peke yake, na kitufe hicho usikiguse mpaka pumzi itulie.