Sasheti Moja Ikirudi na Lawama: Namna ya Kujiandaa Ukiuza Unga Bukavu

Kile kipande cha waya kilikuwa na urefu wa punje ya mchele, kimepinda kidogo kwenye ncha. Mama mmoja wa Bagira alikileta kimefungwa katika karatasi ya daftari la shule, akakiweka juu ya meza yangu bila kupiga kelele. Alikiona ndani ya kikombe cha uji kabla mtoto hajameza. Nilikitambua papo hapo. Kilikuwa cha chekeche la mashini yangu, na tundu lake nilikuwa nimeliona siku mbili nyuma, nikasema nitalishughulikia Jumatatu.

Nasaga sosoma, yaani soya, mtama na mahindi, karibu na soko la Kadutu. Nilimwomba yule mama msamaha, nikamrudishia pesa yake. Ndipo akauliza: "Na hizi zingine ziko wapi, mama?"

Sikujua. Sasheti zangu zilikuwa na jina zuri na picha ya mtoto mnene, lakini hakuna alama ya kutofautisha unga wa Jumanne na wa Ijumaa. Nilipanda na kushuka vilima siku tatu, Kadutu, Nyawera, Essence, nikikusanya kila kitu, kizuri na kibaya pamoja. Kwa hiyo naanza na jambo hilo, hata kama avoka, yaani mwanasheria, angeanza na sheria.

Kila usagaji upe nambari yake ya loti. Yangu ni rahisi: 0306-2 ni tarehe 3 mwezi wa 6, usagaji wa pili. Naipiga kwa muhuri kabla sasheti haijajazwa, maana ikishajaa vijana wanachoka na kuruka. Katika buku, mbele ya nambari hiyo, naandika mahindi yalitoka kwa nani (yangu mengi yanapanda kutoka bonde la Ruzizi), nani alisimamia mashini, chekeche lilikaguliwa kabla na baada, kisha sasheti ngapi zilienda butiki gani. Mwenye butiki anatia sahihi. Tumia biro, usitumie penseli. Na kutoka kila loti weka sasheti moja kabatini, imefungwa, mpaka tarehe yake ya kuisha ipite. Mtu akija na lawama, una unga uleule wa kulinganisha.

Sasa sheria. Kanuni yetu ya madai hapa Kongo, kitabu cha tatu, inatokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, na bado ndiyo inayotushika. Kifungu cha 258 kinasema anayemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake lazima alipe. Cha 259 kinaongeza uzembe na kutojali. Tundu la chekeche langu liko humo. Cha 260 kinakufanya ujibu pia kwa ajili ya watu walio chini yako na vitu unavyovitunza, kwa hiyo "ni kijana wa mashini" si jibu. Anayedai ndiye anayetakiwa kuonyesha kosa, madhara, na kwamba kimoja kimezaa kingine.

Upande wa mauzo kuna habari ya kasoro zilizofichika. Muuzaji anawajibika hata kama hakuzijua: anarudisha bei na gharama za ununuzi. Kama alizijua akanyamaza, anaongezewa fidia ya madhara. Mimi tundu nililiona. Mngeniweka upande gani?

Wenye butiki wanapenda kusema, "Mimi nauza tu, sitengenezi." Mteja alinunua kwako, baba, atakuja kwako kwanza. Tunza fakitire zangu, yaani hati za mauzo, ili uweze kunigeukia. Na usiweke sosoma chini ya vidumu vya mafuta ya taa kama nilivyokuta mahali fulani. Hapo lawama ni yako peke yako.

Waya unaonekana. Kinachonitisha zaidi ni sumu ya ukungu, aflatoksini, ambayo huwezi kuiona wala kuionja, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mahindi ya kuweka stoki yasizidi unyevu wa asilimia 13 hivi. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu, tia punje mpaka robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, unyevu umepita asilimia 15: gunia lirudi juani. Isipoganda, umeshuka chini ya 15, lakini huenda bado hujafika 13. Ongeza siku ya jua. Msimu wa mvua hapa Bukavu nakataa magunia mengi, na wauzaji wananiita mama wa chumvi.

Maandishi ya sasheti nayo ni sehemu ya usalama. Taja viungo vyote, na kama mashini hiyohiyo inasaga karanga, iandike, kuna watu karanga inawaua. Soya iwe imekaangwa vizuri, maana ikiwa mbichi inazuia tumbo kusaga protini. Andika pia dakika za kuchemsha uji. Andika kwamba chini ya miezi 6 mtoto ni wa ziwa la mama tu. Mimi zamani niliandika "inaponya utapiamlo." Niliifuta. Ahadi ya dawa juu ya unga ni kujitafutia tribinali. Kuhusu vipimo na hati, nenda OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, mwenyewe, usitume mtu wa katikati.

Siku lawama ikifika, usibishane. Pokea sasheti na kilichomo, andika loti, saa na maneno ya mteja kama alivyoyasema, piga picha. Simamisha loti hiyo kwanza, uchunguzi baadaye. Pigia butiki zilizomo kwenye buku. Mtoto akiumwa, mpeleke kituo cha afya, hesabu zitafuata. Lakini usimpe mtu pesa ili anyamaze: sasheti nyingine bado ziko nje, na kesho pesa hiyo itasimama kama ushahidi kwamba ulijua.

Siku hizi kuna sumaku mdomoni mwa mashini, tunaifuta kila jioni. Wiki iliyopita ilishika vumbi jeusi la chuma na sindano nzima ya kushonea magunia. Iko kwenye buku, loti 1410-1, sasheti 60, zote bado ziko kwangu.