Jinsi ya kufungua shauri la uchafuzi wa mto: kwa wakazi wa Mbeya na Iringa

Mwananchi wa Mbarali anayeona maji ya mto yakibadilika rangi kwa sababu ya taka zinazomwagwa mtoni halazimiki kuwa na shamba ukingoni ndipo asikilizwe. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinamruhusu kila anayeishi Tanzania kufungua shauri, hata kama madhara hayajatokea bali yanatarajiwa tu.

Anza na malalamiko ya maandishi kwa mtendaji wa kijiji na afisa mazingira wa halmashauri, nakala ukiipeleka katika ofisi ya kanda, iliyoko jijini Mbeya, ya taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira ambayo wengi tunaijua kwa jina la NEMC. Hakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa, kwa sababu malalamiko ya simu hayana pa kushikwa mahakamani. Ambatisha picha zenye tarehe, na kama kuna ujenzi, pima umbali wake kutoka ukingoni: kifungu cha 57 cha Sheria hiyo kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Kisha amua unamshtaki nani. Ikiwa ni halmashauri au taasisi ya Serikali, toa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye pia ataunganishwa kwenye shauri litakalofunguliwa Mahakama Kuu. Wanakijiji wakiwa wengi, waombe kwanza kibali cha mahakama ili wachache wawawakilishe wengine. Mashauri mazuri hukwama hapa.

Sehemu inayostahili muda wako zaidi ni maombi yenyewe, yaani unachotaka mahakama iamuru. Wengi huandika fidia peke yake, ilhali kifungu kilekile cha 5 kinaruhusu kuomba kitendo kisimamishwe, mtumishi wa umma alazimishwe kuchukua hatua, au shughuli ifanyiwe ukaguzi wa mazingira. Taja pia Ibara ya 14 ya Katiba, kwa kuwa wakazi wa Kunduchi Mtongani walipopinga dampo mwaka 1991, Mahakama Kuu ilikubali kwamba kuhatarisha afya ya watu kwa taka kunagusa haki yao ya kuishi. Kabla ya hapo, katika shauri la dampo la Tabata lililofunguliwa mwaka 1988, Jiji la Dar es Salaam liliomba kuongezewa muda wa kuendelea kutupa taka, na Jaji Lugakingira akakataa.

Kama taka bado zinamwagwa, usisubiri hukumu: wasilisha pamoja na hati ya madai ombi la zuio la muda, likiungwa mkono na hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni kweli.