Somo: Namna ya kuchagua hoteli ya ufukweni kwa wikendi ya watu wawili, kuanzia Kilwa hadi Msimbati

Ndugu wanachama, swali la hoteli ipi inafaa kumpeleka mwenza kwa siku mbili huulizwa hapa karibu kila mwisho wa mwezi, na kila mara hujibiwa kwa majina matupu ya hoteli. Majibu ya namna hiyo hayamsaidii muulizaji, kwa sababu hoteli ileile iliyompendeza mmoja mwezi Juni inaweza kumnyima mwingine usingizi mwezi Oktoba. Nilifanya kazi ya mapokezi katika hoteli za huku kusini mwa Tanzania kwa miaka mingi, na ninaamini kwa dhati kwamba wikendi ya watu wawili hutengenezwa na maswali yanayoulizwa kwenye simu kabla ya kulipa, wala si na nyota zilizochorwa kwenye bango. Naomba somo lisomwe lote kabla ya mtu kuuliza.

Hatua ya kwanza. Kubalianeni ninyi wawili kama mnakwenda kupumzika au kutembea.

Hatua ya pili. Chagueni mahali kwanza, hoteli baadaye. Anayependa historia aende Kilwa Masoko, ambako hoteli kadhaa ziko ufuo wa Jimbizi, na kutoka hapo huvuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani kuona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, jumba la kale la masultani. Magofu hayo pamoja na ya kisiwa cha jirani cha Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Anayetaka mji mdogo wa kale wenye ghuba tulivu atapenda Mikindani, kilomita takriban kumi kutoka Mtwara mjini, ambako boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikarabatiwa na kufanywa hoteli. Mtwara mjini, hasa Shangani, kunamfaa anayefika kwa ndege Ijumaa jioni na asiyetaka kuendesha tena. Msimbati ni kwa wanaotaka mchanga na bahari tu. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo ulizeni mapema kuhusu ada ya kuingia. Lindi mjini pana bei nafuu zaidi na samaki wazuri, ila anayetafuta umaridadi wa vyumba atalazimika kuchagua kwa makini.

Hatua ya tatu. Pangeni tarehe kwa kuangalia mambo matatu: korosho, mvua na mwezi wa angani. Minada ya korosho inapoanza, kwa kawaida mwezi Oktoba, wanunuzi, maofisa wa vyama vya ushirika na wasafirishaji hujaza vyumba vya Mtwara, Masasi na Lindi hadi karibu na mwisho wa mwaka, na bei hupanda bila kutangazwa. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, ingawa wakati mwingine huchelewa kuondoka. Wanaotoka Dar es Salaam kwa gari watakumbuka kwamba mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika eneo la Somanga. Miezi ya Juni hadi Septemba ina hewa ya baridi kidogo na anga safi, lakini upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, na safari ya mashua inaweza kuahirishwa. Habari ya mwezi nimeieleza kwenye maswali hapo chini, kwa sababu inahitaji nafasi.

Hatua ya nne. Takeni bei kamili kwa shilingi, yenye kodi ya ongezeko la thamani na kifungua kinywa cha watu wawili, na ombeni itumwe kwa maandishi. Tangu kanuni za mwaka 2025, bei za huduma za ndani hazitakiwi kutajwa kwa fedha za kigeni.

Hatua ya tano. Ulizeni kuhusu kelele. Hapa ndipo wikendi nyingi huharibika, na ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu.

Hoteli nyingi nzuri za Mtwara na Lindi haziishi kwa wageni wa mapumziko. Zinaishi kwa semina za katikati ya wiki na sherehe za Jumamosi: harusi, sendofu, kipaimara na mahafali. Ukumbi ukikodishwa Jumamosi, spika huwashwa kuanzia jioni hadi usiku wa manane, na chumba kizuri kuliko vyote, kile chenye roshani inayotazama bahari, mara nyingi ndicho kilicho karibu zaidi na bustani ambamo sherehe hufanyika. Nimewapokea wenza wengi waliofika Ijumaa wakiwa na furaha, wakalala vizuri, na Jumamosi saa tano usiku wakaja mapokezi kuomba kuhamishwa, wakati vyumba vyote vya upande wa pili vilikuwa vimeshachukuliwa na wageni wa harusi yenyewe. Hakuna aliyewadanganya, hawakuuliza, na mpokeaji asiyeulizwa hawezi kuanza kuwaeleza wateja sababu za kutokuja.

Kwa hiyo pigeni simu, msitume ujumbe peke yake, na ulizeni maswali haya kwa mpangilio huu. Je, ukumbi au bustani imekodishwa Jumamosi hiyo? Chumba tutakachopewa ni namba ngapi, na kiko umbali gani kutoka ukumbini, kwenye baa na kwenye jenereta? Umeme ukikatika, jenereta huwasha kiyoyozi au taa tu? Mkishajibiwa, ombeni namba ya chumba iandikwe kwenye uthibitisho wa malipo. Kisha pigeni tena siku ya Alhamisi, kwa sababu harusi nyingine hulipiwa ukumbi wiki yenyewe.

Tahadhari zangu ni hizi. Msikubali jibu la kwamba muziki utazimwa saa sita, kwa kuwa meneja anayewaahidi hatakuwa kazini saa hiyo, na aliyelipia ukumbi ana sauti kubwa kuliko ninyi. Msilipe fedha yote kabla ya kujua kama mtarejeshewa mkihama. Na msidhani kwamba bei kubwa ni kinga. Kadiri hoteli inavyokuwa nzuri, ndivyo maharusi wanavyoitamani.

Hatua ya sita. Zitazameni picha kwa akili. Pwani yetu kwa sehemu kubwa inatazama mashariki, hivyo jua huchomoza baharini na kuzama upande wa bara. Hoteli inayoonyesha jua likizama kwenye maji iulizwe picha ilipigwa wapi, isipokuwa kama iko ndani ya ghuba au kwenye rasi inayotazama bara. Ombeni pia picha ya bafu iliyopigwa leo. Mtumishi mwenye simu huipiga kwa dakika moja, na hoteli inayokataa imeshajibu.

Hatua ya saba. Bebeni vitambulisho vyenu wawili, kwa sababu kitabu cha wageni hujazwa kila mahali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mchinga Mbili: Nitajie hoteli moja tu nzuri, sina muda wa kusoma yote haya.

Jibu: Ndugu, asiye na muda wa kusoma dakika tano atapoteza siku mbili. Rudi hatua ya pili.

Tandahimba Yetu: Bei ni shilingi ngapi?

Jibu: Ya wapi, mwezi gani, chumba gani? Hatua ya nne.

Tandahimba Yetu: Samahani, mwalimu. Ni Mikindani, mwezi wa Agosti, usiku wa Ijumaa na Jumamosi.

Jibu: Sasa umeuliza swali. Agosti minada ya korosho haijaanza, kwa hiyo unayo nafasi ya kuomba punguzo, hasa ukisema utalala usiku wote wawili. Piga simu sehemu mbili tofauti, taja bei ya kwanza kwa ya pili kwa heshima, kisha omba wakuongezee chakula cha jioni kimoja badala ya kupunguza shilingi. Hoteli hukubali hilo kwa urahisi zaidi, kwa sababu chakula kinaigharimu kidogo kuliko unavyotozwa wewe mezani.

Binti wa Ruangwa: Dada, umesema habari ya mwezi wa angani utaieleza. Mume wangu anataka kuogelea jioni, na mara ya mwisho tulikuta bahari imekwenda mbali kabisa, tukabaki kutazama matope. Je, tungejuaje?

Jibu: Asante sana, mdogo wangu, hili ndilo swali nililolingoja. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Katika pwani yetu mpangilio huo unakwenda na mwezi kwa namna ambayo wavuvi wote wanaijua: siku za mwezi mchanga na siku za mwezi mpevu, wakati wa bamvua, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Wakati wa nusu mwezi, yaani siku za maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa nne asubuhi na kutoka karibu saa kumi jioni, ingawa hayatoki mbali sana. Kwa mumeo anayetaka kuogelea jioni, chagueni wikendi iliyo karibu na mwezi mpevu au mwezi mchanga. Mtapata bahari iliyojaa saa kumi jioni, na asubuhi yake, maji yakiwa yametoka, mtatembea kwenye miamba kutazama viumbe wa baharini. Kumbukeni tu kwamba wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita tatu, kwa hiyo msiende mbali bila kuangalia saa, na vaeni viatu vya mpira kwa ajili ya urumba, wale viumbe wa baharini wenye miiba. Anayefuata kalenda ya Kiislamu amerahisishiwa kazi: siku za mwanzo wa mwezi na zile za katikati ndizo za bamvua.

Binti wa Ruangwa: Kumbe ndiyo maana picha za hoteli zote zina maji yamejaa!

Jibu: Ndiyo, na ndiyo maana ninasema mwulize mpokeaji maji yatajaa saa ngapi Jumamosi hiyo. Anayejua jibu anaifahamu hoteli yake.

Upepo wa Kusi: Mimi na mke wangu tunapenda sehemu yenye kasino, tuvae vizuri usiku, tukae mezani, tunywe kidogo. Huku kwetu mbona husemi?

Jibu: Ndugu yangu, kwa kasino za meza, zenye ruleti na karata, ninawashauri mwende Dar es Salaam, msichukue kibanda chenye mashine mbili mkadhani ni kitu hicho hicho. Maswali ya hatua ya tano yanafaa huko pia, na ongezeni mengine matatu. Kwanza, leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iwe inaonekana. Bodi hiyo iko chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Pili, ulizeni mlango wa kasino uko wapi kuhusiana na vyumba, kwa kuwa kasino hukesha, na hoteli maridadi hutenganisha lifti za wageni na watu wanaoingia kucheza. Tatu, tazameni gurudumu la ruleti kabla ya kukaa. Lenye sifuri moja lina nafasi 37, na namba moja ikishinda hulipa mara 35, hivyo nyumba hubakiza wastani wa asilimia 2.7 ya kila dau. Lenye sifuri mbili lina nafasi 38 na malipo ni yaleyale, kwa hiyo nyumba hubakiza asilimia 5.26. Kiasi mlichokubaliana kupoteza kiwe fedha taslimu mkononi mwa mkeo, na kadi ya benki ibaki chumbani.

Nachingwea Njiapanda: Huyu anafundisha watu kamari. Kwa wengine wetu ni haramu.

Jibu: Aliuliza, nikamjibu kwa ukweli ili asidhurike. Kwako ambaye huendi huko, hatua saba za juu hazihitaji kasino hata kidogo. Ukitaka hoteli isiyouza pombe, iulize kwenye simu ileile. Zipo, na kwa kawaida hazina kelele za baa.

Mkaka wa Kitangari: Kilwa Kisiwani tunaweza kwenda na kurudi siku moja? Na kibali tunapata wapi?

Jibu: Mnaweza kabisa. Kibali hutolewa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na mwongoza watalii hupatikana hapo hapo. Mwambieni mhudumu wa hoteli Ijumaa jioni ili mashua iwe tayari mapema, na mkubaliane bei ya kwenda na kurudi pamoja, si ya kwenda peke yake. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji huo. Mkeo akipenda historia, msomeeni habari hiyo mkiwa ndani ya msikiti wenyewe. Bebeni maji ya kunywa na kofia.

Mkaka wa Kitangari: Na chakula? Mke wangu amechoka na chipsi kuku za hotelini.

Jibu: Agizeni asubuhi chakula cha jioni. Jiko la hoteli ya huku likipewa saa sita linaweza kumtafuta pweza au kaa kwa mvuvi na kumpika kwa nazi, lakini likipewa nusu saa litatoa chipsi. Mkiwa Mtwara, ulizeni ming'oko, viazi vya porini vya huku kwetu, sokoni kama ni msimu wake, mnunue, na mwombe jikoni wawachemshie. Mimi sijawahi kumwona mpishi wa Kimakonde akikataa.

Mchinga Mbili: Nimesoma yote sasa. Nimepiga simu, ukumbi una harusi Jumamosi. Nifanyeje?

Jibu: Umefanya vizuri, ndugu. Uliza kama Jumapili hadi Jumatatu kuna nafasi. Ukumbi huwa mtupu, bei hushuka, na Msimbati huwa hamna msongamano. Kama kazi haikuruhusu, laleni Mikindani Jumamosi na mwende hoteli hiyo Jumapili mchana kwa chakula tu.