Gari la kabureta na petroli ya E10: anza na mipira ya petroli

Mwongozo huu ni kwa walioko Uingereza wenye Mini, MG au Land Rover za zamani. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huku ni E10, yenye ethanoli hadi 10%. Jirani yangu gari lake lilikuwa linakosa nguvu kila likipanda kilima, naye tayari alishika bisibisi afungue kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nikamzuia.

1. Kuanzia sasa jaza E5 (ethanoli hadi 5%), ile ya bei ya juu. Tazama duara kwenye pampu.

2. Kabla ya kugusa mipira, toa gari nje, chomoa betri, hamishia petroli kwenye dumu la petroli.

3. Mipira inayopitisha petroli. Kwa nje inaweza kuonekana mizima kabisa, kumbe ndani imevimba na inameguka. Chembe nyeusi husafiri hadi kwenye jeti, kitundu chembamba cha petroli ndani ya kabureta. Ukiisafisha leo, kesho imeziba tena. Pasua kipande cha zamani kwa urefu ujionee. Nunua mpira ulioandikwa SAE J30 R9, yaani kiwango cha mipira ya petroli (J30) na daraja lake (R9). Daraja la R6 halivumilii ethanoli kwa muda mrefu, siichukui hata nikipewa bure. Soma maandishi yaliyo kwenye mpira wenyewe, si tangazo la muuzaji, kwa sababu feki ni nyingi. Pima kipenyo cha ndani: mpira wa milimita 8 kwenye bomba la 6 utavuja hata ukaze vipi. Wengi husahau kipande kifupi kinachotoka kwenye tangi, mpira wa mdomo wa kujazia na ule wa kupumulia. Huvioni mpaka ulale chini ya gari. Klipu zenye ukanda wa matundu hukata mpira, kwa hiyo weka ndogo za boliti na nati, zenye kingo zilizokunjwa. Ukishawasha, pitisha kidole kila kiungo, na urudie asubuhi injini ikiwa baridi.

4. Badilisha filta ya petroli, ubebe na ya akiba. Ethanoli hulegeza uchafu wa miaka tangini.

5. Sasa gusa kabureta. Ukilazimika kutumia E10, mchanganyiko huwa mwepesi kidogo, yaani hewa inazidi petroli. Ncha za plagi zikiwa nyeupe, rekebisha kabureta iongeze petroli kwenye mchanganyiko.

6. Gari likilala majira ya baridi, usiache E10 tangini. Hunyonya unyevu, na ukizidi, maji na ethanoli hujitenga na kuzama chini, palepale bomba linapofyonza. Yakishajitenga, dawa ya chupa haisaidii: toa yote, upeleke kwenye kituo cha taka kinachopokea mafuta.