Mtoto Anapoonewa Mtandaoni: Hatua za Kufuata, Tangu Kabla Halijatokea

Nafanya kazi ya unasihi kwa watoto na vijana. Wengi wanaoletwa kwangu kwa sababu ya matusi na vitisho vya mtandaoni huwa wamekaa na siri hiyo kwa wiki kadhaa, wengine kwa miezi, bila kumwambia mtu nyumbani. Nikiwauliza kwa nini walinyamaza, jibu ninalolisikia mara nyingi ni hili: "Wangeninyang'anya simu." Kwa hiyo sitaanza na programu ya kuweka kwenye simu. Naanza na mdomo wa mzazi.

Hatua ya 1: Toa ahadi, kwa maneno

Mkae wawili, siku ambayo hakuna ugomvi, umwambie: "Ukikutana na kitu cha kukutisha, kukuumiza au kukutia aibu kwenye simu, niambie. Sitakunyang'anya simu kwa sababu umeniambia. Hata kama na wewe ulikosea."

Maneno ya mwisho ndiyo yanayobeba mzigo. Mtoto anayetukanwa mara nyingi ana kitu chake anachokificha: alijibu tusi kwa tusi, alifungua akaunti uliyomkataza, au alituma picha. Asiposikia kwamba hata hayo yanasemeka, atanyamaza. Irudie ahadi hiyo kila baada ya muda, na siku akija, itimize. Ukiivunja mara moja, usitarajie aje tena.

Hatua ya 2: Hakiki umri uliomo kwenye akaunti

Wazazi wengi huiruka hatua hii. Mitandao mingi imeweka miaka 13 kuwa umri wa chini, kwa sababu ya sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayolinda taarifa za watoto walio chini ya umri huo. Mtoto wa miaka 11 anapotaka kuingia, huandika kwamba amezaliwa miaka mingi nyuma. Akifika 14, mtandao unamhesabu kuwa mtu mzima.

Hasara yake ni kubwa, maana ulinzi mwingi huwashwa kwa kufuata tarehe ya kuzaliwa. TikTok, tangu Januari 2021, akaunti za walio na miaka 13 hadi 15 huanza zikiwa za faragha, na ujumbe wa moja kwa moja umefungwa kwao. Instagram ilianza Septemba 2024 kuwaweka vijana kwenye akaunti maalumu, na aliye chini ya miaka 16 hawezi kulegeza masharti yake bila idhini ya mzazi. Aliyedanganya umri anaweza kukosa yote hayo.

Fungueni mipangilio pamoja, mrekebishe tarehe. Programu ikigoma, anzisheni akaunti mpya yenye umri wa kweli. Kama hajafika 13, asubiri.

Hatua ya 3: Fungeni milango pamoja naye

Simu aishike yeye, wewe uulize. Kwenye WhatsApp, ingieni Mipangilio, kisha Faragha, mwamue nani anaweza kumwingiza kwenye vikundi. Chagueni watu waliohifadhiwa kwenye simu yake tu. Zimeni ruhusa ya kamera kutumia mahali alipo. Nywila asimpe rafiki, hata wa chanda na pete, kwa kuwa urafiki wa shuleni huvunjika na nywila inabaki kwa yule mwingine.

Hatua ya 4: Siku anapokuambia, ushahidi kwanza

Msikilize mpaka amalize. Usimuulize "ulimfanya nini?" Kisha, kabla ya kufuta au kumzuia mtu yeyote, hifadhini ushahidi. Mzazi mwenye hasira humzuia mchokozi papo hapo, na pengine mazungumzo yote yanafutika pamoja naye.

Pigeni picha za skrini zinazoonyesha ujumbe, tarehe, saa na jina la akaunti. Nakilini pia kiungo cha akaunti yenyewe, kwa sababu jina linaloonekana juu hubadilishwa kwa sekunde chache. Tahadhari moja: Snapchat humjulisha mwenzako kwamba umepiga picha ya skrini, hivyo huko tumieni kamera ya simu nyingine. Mtoto asijibu chochote.

Hatua ya 5: Ripoti, kisha zuia

Ripotini kila ujumbe au posti ndani ya programu husika. Ukiripoti kwenye WhatsApp, kampuni hupokea jumbe tano za mwisho kutoka kwa mtu huyo, kwa hiyo msichelewe hadi matusi yafunikwe na salamu.

Kumzuia mtu asiyejulikana ni rahisi. Kazi iko kwa mwanafunzi mwenzake, atakayegundua amezuiwa na kesho yake wakutane darasani. Kwa huyo, napenda chaguo la Instagram la kumwekea mtu mipaka: maoni yake anayaona yeye peke yake mpaka mtoto wako ayakubali, jumbe zake zinakaa pembeni, naye hapewi taarifa. Halafu nenda shuleni na ushahidi wako. Usimpigie mzazi wa mwenzake usiku ukiwa na hasira. Nimeona mambo mengi yakiharibika hapo.

Hatua ya 6: Ikiwa kuna picha za utupu

Hapa kanuni ya ushahidi inabadilika. Picha yenyewe usiinakili wala kumtumia mtu, hata mwalimu, kwani katika nchi nyingi kuwa nayo au kuisambaza ni kosa. Hifadhi vitisho, jina la akaunti na namba, upeleke polisi.

Anayedai pesa ili asisambaze picha asilipwe. Akilipwa, hurudi na dai jingine. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, imetahadharisha kwamba walengwa wa ulaghai huu kwa kawaida ni wavulana wa miaka 14 hadi 17, nao huona aibu kuliko kawaida. Mwambie wazi kwamba mhalifu ni yule mwingine, na usimwache peke yake usiku huo.

Ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, kwa picha zilizopigwa mhusika akiwa chini ya miaka 18. Simu hutengeneza alama ya kipekee ya picha bila picha yenyewe kutumwa popote, na mitandao iliyojiunga huitafuta alama hiyo na kuiondoa picha. Haifiki ndani ya mazungumzo yaliyosimbwa, yaani yaliyofungwa ili wahusika tu wayasome, kama ya WhatsApp.

Hatua ya 7: Wiki zinazofuata

Angalia usingizi, chakula, na kama anakwepa shule. Akizungumzia kujiumiza au kufa, mtafutie msaada wa kitaalamu siku hiyohiyo. Vinginevyo, muulize kila baada ya siku chache, mkiwa mnafanya kazi nyingine, macho yenu yasigongane: "Yule bado anakuandikia?" Kisha nyamaza, umpe muda wa kujibu.